Ukiweka mia, kutu itarudisha ngapi?

Najua nimekuwa kimya, na wale walioniandikia kuuliza kama nimedisko watulie, bado nipo. Niko nyumbani Babati, likizo ndefu, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nikirudi Dar naanza mwaka wa mwisho wa kemia, na idara inataka kichwa cha mradi wa utafiti kabla chuo hakijafunguliwa. Mwisho ni Ijumaa hii.

Msimamizi wangu, mzee mkali lakini mwenye nia njema, ameniachia njia mbili. Ya kwanza ni kuondoa floraidi kwenye maji ya visima. Waliokulia kanda hii ya kaskazini mnajua ninachosema, meno ya kahawia tunayatambua hata gizani. Vifaa vya kazi hiyo vipo, waliotutangulia wameshaifanya, data utapata, utamaliza salama. Ya pili ndiyo niliyoiomba mwenyewe: mseto wa nano wa oksaidi ya metali na kaboni, kwa ajili ya elektrodi za betri za lithiamu. Hiyo akaipokea kwa sentensi moja: "Nzuri, ila ukikosa data usije kulia ofisini kwangu." Na kwetu mwaka wa nyongeza maana yake ni ng'ombe. Mama amebakiwa na wawili.

Kabla sijasema nimeamua nini ngoja nieleze hicho kitu chenyewe, maana kila ninayemtajia hapa mtaani ananiangalia kama nimerogwa.

Mjomba wangu ni fundi simu, ana meza yake karibu na stendi. Chini ya meza kuna boksi la biskuti limejaa betri zilizokufa. Zimo bapa, zimo zilizovimba kama maandazi, zimo zile za duara zilizotolewa kwenye laptop mbovu, ambazo akizipata nzima anaziunga kwenye tochi na feni. Nyingi ni zile BL-5C za Nokia, betri ambayo simu zake zimeshasahaulika lakini yenyewe bado inaendesha redio na spika za vijiweni. Juu imeandikwa volti 3.7 na miliampia-saa 1020. Wateja wengi hawajui kilichomo ndani, na heri wasijaribu kujua. Wanaotoboa betri lililovimba "kutoa hewa" wanacheza na moto, na hapa namaanisha moto kabisa, wa kuunguza meza.

Ndani kuna karatasi mbili za metali zimekunjwa pamoja. Moja ni ya alumini, imepakwa oksaidi ya lithiamu na kobalti. Nyingine ni ya shaba, imepakwa unga mweusi wa kinywe. Katikati kuna utando wa plastiki uliolowa kimiminika. Ukichaji, ioni za lithiamu zinatoka kwenye oksaidi zinahamia kwenye kinywe. Ukitumia simu zinarudi, na elektroni zinazopita nje kwenye waya ndizo zinazokuwashia kioo. Kwa hiyo oksaidi ya metali kwenye betri si habari mpya. John Goodenough alionyesha ya kobalti pale Oxford mwaka 1980, Akira Yoshino wa Japani akaitumia kuunda betri lenye kaboni upande wa pili, na Sony wakalipeleka sokoni mwaka 1991. Mwaka 2019 wakapewa Nobeli pamoja na Stanley Whittingham, aliyekuwa ameanza safari hii miaka ya 1970. Goodenough alikuwa na miaka 97 siku hiyo, akafariki 2023 akiwa na 100. Mzee wa watu, na bado alikuwa anatafuta betri bora kuliko lake. Kobalti yenyewe sehemu kubwa inachimbwa kwa majirani zetu Kongo, huko Kolwezi, na yanayosemwa kuhusu mashimo ya huko mmeyasikia, sitayarudia.

Mimi shida yangu iko upande wa pili, upande wa kinywe. Hicho nacho tunacho humu humu Manyara. Umeshawaona wachimbaji wa tanzanaiti wanavyotoka shimoni Mererani, weusi wa kung'aa mpaka meno ndiyo yanaonekana? Weusi ule ni kinywe. Miamba yenye tanzanaiti imejaa kinywe, na miaka ya 1990 kilichimbwa pale kama biashara yake yenyewe. Kinywe ni mpangaji mwenye nyumba mtulivu: ioni za lithiamu zinaingia kati ya tabaka zake, zinalala, asubuhi zinaondoka, nyumba inabaki ilivyo. Ila vyumba ni vichache. Kila atomu 6 za kaboni zinapokea lithiamu 1 tu, na ukipiga hesabu unapata miliampia-saa 372 kwa gramu. Hapo ndipo ukuta ulipo, huwezi kumbembeleza apokee zaidi.

Sasa chukua kutu. Ndiyo, kutu ya kawaida, oksaidi ya chuma, ndugu yake huu wekundu wa udongo wa Babati. Kwenye makaratasi kila chembe yake inapokea lithiamu 6, na hesabu inakuja miliampia-saa 1007 kwa gramu. Karibu mara 3 ya kinywe! Mara ya kwanza kuona namba ile maktaba nilidhani wamekosea nukta, nikaifanya upya kwenye kalkuleta. Ni kweli.

Lakini angalia inavyopatikana. Kutu haina vyumba vya wageni. Lithiamu ikifika inabomoa nyumba: inanyang'anya oksijeni yote, na chuma kinabaki vumbi tupu, chembe za nanomita chache. Ukitaka kuitoa lithiamu, chembe zile lazima zirudiane na oksijeni, nyumba ijengwe tena. Kubomoa na kujenga, kila ukichaji. Mwaka 2000 kundi la watafiti wa Amiens, Ufaransa, akiwemo Jean-Marie Tarascon, walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba jambo hilo linawezekana, mara nyingi tu, kwa oksaidi za kobalti, nikeli na chuma, ilimradi chembe ziwe ndogo kiasi cha nano. Nanomita 1 ni milimita 1 umeigawa mara milioni. Kwenye udogo huo atomu hazina safari ndefu ya kurudi nyumbani.

Halafu kuna kuvimba. Kinywe kikijaa lithiamu kinatanuka kama asilimia 10. Kutu inakaribia kuwa mara mbili ya ilivyokuwa, kisha inasinyaa, kisha inatanuka tena. Unga uliopakwa kwenye karatasi ya shaba unapasuka na kubanduka kama lipu mbaya. (Hili si lile la simu kuvimba mgongo. Lile ni gesi, kimiminika kimeoza. Nimeulizwa sana.) Na juu ya hayo kutu haipitishi umeme vizuri.

Hapa ndipo neno mseto linapoingia, na wallahi bibi yangu alilijua kabla yangu. Ukisiliba ukuta kwa udongo mtupu, jua likiwaka unapasuka kila upande. Ukichanganya na nyasi zilizokatwakatwa na mavi ya ng'ombe, unakaa. Nyasi zinashika, na udongo unapata pa kusogelea bila kuachia. Kwenye elektrodi udongo ni oksaidi na nyasi ni kaboni. Kaboni inabana, inaacha nafasi ya kutanuka, na juu yake inakuwa waya wa kupitishia elektroni mpaka kwenye kila chembe. Wenye hela wanatumia grafini na mirija ya nano ya kaboni. Mimi nilifikiria magunzi, maana msimu wa mahindi ukiisha huku yako mpaka mlangoni, na ukiyachoma bila hewa kwenye tanuri la moto mkali yanatoa kaboni nzuri yenye vitundu vingi.

Mambo hayo nilimweleza mjomba juzi, amekaa na bisibisi yake mdomoni, mteja mmoja anasubiri. Nikamwambia namba, 372 kwa 1007. Nilitegemea atashangaa. Mjomba ni mweka hazina wa kikoba chao, akili yake iko kwenye marejesho muda wote. Akatoa bisibisi mdomoni.

"Sasa mjomba, hiyo kutu yako ukiweka mia inarudisha ngapi?"

Nikamwambia inapokea nyingi, mjomba, inapokea karibu mara tatu.

"Kupokea kila mtu anapokea. Nimekuuliza inarudisha ngapi."

Mteja akacheka. Mimi sikucheka, maana hapo mzee aligusa jipu lenyewe, bila kusoma kemia hata darasa moja.

Iko hivi. Mara ya kwanza kabisa unapochaji elektrodi ya aina hii, robo hivi ya lithiamu, na mara nyingine zaidi, inaingia na haitoki tena. Nyingine inakwama kwenye oksaidi iliyobomolewa, nyingine inaliwa na utando unaojijenga juu ya kila chembe. Ni kama kiingilio cha kikoba, ila hiki ni kikubwa mno. Na udogo ule ule wa nano unaosaidia pale juu unaumiza hapa. Muulize muuza chipsi: ukikata viazi vyembamba vinaiva haraka, lakini vinakunywa mafuta. Uso ukiwa mkubwa, utando unakuwa mwingi.

La pili ni baya zaidi na halisemwi sana. Nilirudi nyumbani usiku ule nikapiga hesabu kwenye daftari. Kutu inapokea lithiamu kwenye volti kama 0.9, lakini kuitoa inadai kama 1.7. Chukua upande wa kobalti uwe kwenye volti 3.9. Wakati wa kuchaji unalipa 3.9 toa 0.9, yaani volti 3.0. Wakati wa kutumia unapata 3.9 toa 1.7, yaani 2.2. Gawanya. Hata kama kila ioni imerudi, umeweka 100 umerudishiwa 73, na hizo 27 zimegeuka joto. Kinywe kwa hesabu hiyo hiyo kinarudisha zaidi ya 95. Tena angalia, betri lenyewe limeshuka mpaka volti 2.2, kwa hiyo hata ile mara tatu imeanza kuyeyuka mkononi.

Mjomba nilipompelekea jibu la 73 alisema mwanachama wa namna hiyo wangemtoa kwenye kikoba mwezi wa pili.

Ndiyo maana, wadau, tangu ile makala ya mwaka 2000 zimeandikwa makala nyingi mno, kila moja na grafu yake tamu, lakini simu zetu bado ni kinywe, na siku hizi baadhi zimenyunyiziwa silikoni. Nimesoma nyingi likizo hii, kwa bando la kuungaunga. Uwezo wa kupokea wanauweka ukurasa wa kwanza kwa herufi nono. Marejesho unayatafuta kwenye mchoro mdogo mwishoni, na mara nyingine huyaoni. Oksaidi iliyofika sokoni upande huu wa betri ni ya titani na lithiamu. Toshiba walianza kuiuza mwaka 2008. Hiyo inapokea 175 tu, chini ya nusu ya kinywe, na hakuna mtu angeipigia makofi. Lakini haivimbi karibu kabisa, na inakwenda maelfu ya mizunguko bila kulalamika.

Turudi kwenye fomu yangu. Kuna kikwazo ambacho sijakisema: lithiamu tupu haitaki hewa wala unyevu. Kuunganisha betri la majaribio unahitaji kisanduku kilichojaa gesi ya agoni, unaingiza mikono kwa glavu ndefu zilizofungwa ukutani mwake. Chuoni kwetu hakipo. Kuomba muda kwenye maabara ya watu inawezekana, ila ratiba yao si yangu, na mwaka mmoja unaisha ukiwa bado unasubiri barua. Nilimpigia msimamizi, nikamuuliza tufanyeje. Akaniambia kitu ambacho nimekitafuna wiki nzima: acha lithiamu, pima kutu yako kwenye maji.

Mwanzoni niliona kama amenishusha. Halafu nikasoma. Kumbe chuma ndani ya maji yenye hidroksaidi ya potasiamu, ndugu yake kostiki soda ya watengeneza sabuni, ni betri la zamani kuliko yote niliyotaja. Waldemar Jungner wa Sweden na Thomas Edison wa Marekani walilifanyia kazi kila mtu kwake, kuelekea mwaka 1901, chuma upande mmoja na nikeli upande mwingine. Ni zito, ni kubwa, na wakati wa kuchaji sehemu ya umeme inapotea kwa kuvunja maji kuwa hidrojeni. Ila ni gumu kufa, unaweza kulichosha, kulisahau na kulijaza maji tena. Na magonjwa yake nayajua sasa: chuma kinatanuka kikigeuka hidroksaidi, uso unajifunika utando usiopitisha umeme, na marejesho ni hafifu. Swali la mseto linabaki lile lile, je, kaboni ya magunzi itaishika kutu isibomoke? Na hapo sihitaji agoni wala glavu. Nahitaji bika, waya, na ile mashine ya kupimia mkondo na volti, ambayo tunayo moja na foleni yake naijua.

Bado floraidi inaniuma, nisifiche. Binamu yangu wa miaka tisa ameanza kucheka kwa kuziba mdomo. Na la kuchekesha ni kwamba oksaidi za chuma na alumini zinakamata floraidi pia, ningeweza kuchimba udongo ule ule nikaenda nao njia salama. Nimelala nalo siku tatu. Kilichonipeleka upande wa pili ni mama mdogo, anaishi kijijini upande wa Galapo. Ana sola ya taa tatu na redio. Paneli iko paani haina hata mkwaruzo, lakini betri limekufa mwaka wa tatu, na kununua jingine ni karibu bei ya mtambo mzima. Amerudi kwenye tochi. Alilileta kwa mjomba, na mjomba akalifungua, akaliangalia, akaliweka kwenye boksi la biskuti. Yule bwana anatengeneza kila kitu, ila betri anaweza tu kulizika. Floraidi ina watu wengi wanaoihangaikia, na wanajua wanachofanya. Betri ambalo mtu wa stendi ya Babati anaweza kulifungua akalitibu sijaona mtu wa huku akiliulizia.

Simwahidi mama mdogo kitu. Nikeli ya upande wa pili itabidi ninunue, hata kama Kabanga kule Ngara imejaa ardhini. Na kuna uwezekano mkubwa tu kwamba magunzi hayatasaidia lolote. Lakini hata hivyo nitakuwa na data, maana ninachopima ni marejesho yenyewe: kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani, mzunguko wa kwanza mpaka wa mia tano, nione kinaporomoka wapi. Kwenye fomu nimeandika hivyo, kwa Kiingereza cha idara, na safu ya marejesho nimeipa jedwali lake peke yake. Msimamizi amejibu kwa neno moja: "Sawa." Kwa anavyojulikana, hiyo ni barua ya mapenzi, teh teh teh.

Udongo mwekundu nimeuacha. Unapendeza kwenye hadithi lakini mwingi wake ni mfinyanzi, chuma ni kidogo, ningemaliza muhula mzima naosha kwa asidi. Mabati nayo hapana, yana zinki, yanachafua sampuli, hata kama kutoka Babati na mabati ingenoga. Nimechagua nondo. Kuna jengo kule Bagara limesimama siku nyingi, nondo zimechomoza juu zimeiva kutu vizuri kabisa, nikaongea na fundi mmoja akanikatia vipande, kama kilo mbili. Magunzi nimejaza kiroba kimoja, mama ameshauliza mara mbili kama basi zima nitalijaza uchafu. Fundi wa nondo nimempa elfu tatu. Mjomba anasema nimepigwa, vyuma chakavu vyenye kutu alipaswa kunilipa yeye kwa kumwondolea.